Spika Mbili Zilizonyamaza Nshamba

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Muleba
Jina la shahidi: Shamsia Muhidini
Umri: Miaka 51
Kabila: Mhaya
Dini: Mwislamu
Elimu: Darasa la nne
Kazi: Mpishi wa shughuli
Makazi: Kitendaguro, Manispaa ya Bukoba
Tarehe na saa: 15/06/2025, kuanzia saa 6:20 mchana
Lugha: Kiswahili, na Kihaya pale shahidi alipokosa neno

Mimi niliyetajwa hapo juu sikuitwa na mtu. Nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu. Afande Esther ameniambia niseme kweli tupu, na kwamba nikidanganya kwa makusudi naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Ameniambia pia nianze mwanzo, nisirukeruke. Nitajaribu, maana tangu asubuhi moyo wangu umepanda na kushuka mara nyingi, na sasa umetulia hata nasikia usingizi.

Kazi yangu ni kupika kwenye harusi, sendofu, hitima na ubarikio. Wakristo pia wananiita, kwa sababu kuku wakichinjwa na Mwislamu wageni wote wanakula bila kuulizana. Nuriat Riyadhi, miaka 23, ni mtoto wangu wa tatu. Yeye ni fundi wa muziki. Vyombo si vyake, ni vya Bwana Mushumbusi wa Kemondo, ambaye anavikodisha kwenye shughuli. Nuriat amefanya kazi kwake miaka miwili. Watu wakifika wanamuuliza fundi yuko wapi, na yeye ndiye amesimama mbele yao na nyaya shingoni.

Mnamo tarehe 14/06/2025, siku ya Jumamosi, kulikuwa na sendofu ya kumuaga Rozi, binti wa Mzee Ndalahwa wa Nshamba, kabla ya harusi yake. Mimi nilipewa kazi ya kupika na Nuriat alipewa muziki. Tuliondoka Kitendaguro saa 12:30 asubuhi, tukapakia vyombo Kemondo, tukapanda gari moja la Mushumbusi. Sufuria zangu zilikaa juu ya nyaya zake na njia nzima alikuwa ananiambia, Mama, shika hiyo sufuria isikwaruze miksa. Tulifika Nshamba saa 3:00 kasoro.

Afande ameniuliza kama najua mashine hizo. Sijui. Lakini nimemwona Nuriat akizifunga mara nyingi, na siku hiyo nilimwona pia, kwa sababu nilikuwa nachambua mchele karibu. Kwanza anashusha kila kitu chini kabisa, kwenye miksa na kwenye spika. Halafu anaweka wimbo, anapandisha miksa polepole mpaka taa nyekundu ikonyeze, kisha anarudisha kidogo mpaka taa iache. Akishamaliza miksa ndipo anakwenda nyuma ya spika. Hizo spika zina mashine yake ndani, zinakula umeme zenyewe. Nyuma ya kila moja kuna nobu mbili za kuzungusha kwa vidole. Ya juu ndiyo ya ukubwa wa sauti, ya chini sijui ya nini. Anafungua ile ya juu kidogo kidogo mpaka alama yake nyeupe isimame wima, hapo anaacha. Halafu anatembea mpaka kiti cha mwisho kabisa cha wageni, anasimama, anasikiliza, anarudi. Siku hiyo alikwenda na kurudi mara nne. Nikamwambia mwanangu umechoka, kunywa chai. Akasema akimaliza.

Shughuli ilianza saa 8:00 mchana. Wageni walikuwa kama mia tatu, chini ya maturubai. Spika mbili zilisimama mbele, nje ya turubai, juani, zimewaelekea wageni. Jiko letu lilikuwa upande wa nyuma, kwenye migomba, kama hatua thelathini kutoka hapo. Naomba hilo liandikwe vizuri. Jiko lilikuwa nyuma ya spika.

Kwenye saa 10:00 hivi Mzee Ndalahwa alisimama kumuusia binti yake. Sisi wapishi tulikuwa wanne. Tulisikia kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Bibi mmoja aitwaye Gaudensia, ambaye alikuwa anamenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, akaniambia, “Waitu Mama Nuriat, binti yako ameleta spika au ameleta makabati?” Wenzake wakacheka. Mwingine akasema labda fundi anaogopa kuamsha watoto. Gaudensia akaendelea kuuliza kama ndivyo tunavyofanya mjini, mtu anaozesha mtoto kwa kunong'ona. Ni utani tu, Gaudensia hana ubaya, hata leo asubuhi amenipigia simu kuniuliza hali. Lakini mimi ulinichoma. Kila Nuriat anapofanya kazi mimi naogopa. Naogopa watasema si mlisema mwanamke anaweza, haya. Nikafikiri baba wa watu anatoa maneno ya machozi na hakuna anayesikia, na kesho watasema muziki ulikuwa mbovu.

Saa 10:15 niliona Nuriat anatoka kwenda nyumba ya jirani kuswali Alasiri. Alimwachia miksa mshereheshaji, kijana aitwaye Philbert. Naambiwa alimwagiza asiguse kitu, awashe na kuzima maiki tu.

Nikasema ngoja nimsaidie mwanangu kabla hajaaibika. Nilikuwa nimetoka kupaka kuku mafuta na manjano. Sikunawa. Nilipita pembeni kwenye migomba mpaka nyuma ya spika ya kwanza, nikashika nobu ya juu, nikazungusha kulia mpaka ikagoma. Nikaenda ya pili, nikafanya hivyohivyo. Mimi nilifikiri ni kama jiko la mkaa, ukifungua mlango wa chini moto unapanda basi. Sikumuuliza mtu. Ilikuwa kama saa 10:20. Sauti ikapanda kweli. Nikarudi jikoni nikamwambia Gaudensia, sasa je. Akasema sasa anasikia. Nilifurahi, afande, siwezi kudanganya. Nilifurahi kama dakika kumi.

Kisha wakwe wakaanza kuingia na zawadi, wanacheza. Philbert akaweka muziki, na kwa kuwa watu walikuwa wanashangilia, akasukuma miksa juu. Yeye mwenyewe amekubali hapa kituoni kwamba alisukuma, akasema kidogo. Nilisikia maiki inalia, mlio mwembamba mrefu, watu wakaziba masikio. Muziki ukawa kama unapasuka. Nilisogea pembeni nikachungulia, nikaona taa nyekundu mbele ya spika zote mbili, hazikonyezi, zimekaza. Spika ya kushoto ikanyamaza. Kabla watu hawajageuka vizuri, na ya kulia ikanyamaza. Wakwe walibaki katikati ya uwanja, miguu juu, hawajui washushe au waendelee. Ilikuwa kama saa 10:35.

Nilitembea kwenda huko na mwiko mkononi. Nuriat alikuja anakimbia kutoka kwenye swala, hata viatu hakuvaa sawasawa. Alikwenda kwanza kwenye miksa, akashusha. Halafu akaenda nyuma ya spika. Akainama, akatazama. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Aliitazama nobu, akatazama vidole vyangu, akanitazama usoni. Kisha akachukua ncha ya mtandio wake akaifuta nobu, akaenda ya pili akafuta, akazirudisha zote pale panapotakiwa.

Bwana Mushumbusi alikuwa amealikwa kama mgeni, na alifika wakati huo. Akamuuliza, “Unafuta nini hapo?”

Nuriat akajibu, “Vumbi.”

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Sikufungua. Niliogopa, na wakati huohuo watu wakaanza kusema kuna harufu ya kuungua, na mimi nikaijua hiyo harufu. Ilikuwa pilau yangu. Nilikuwa nimeacha sufuria kubwa juu ya moto mkali bila mtu, maana wenzangu nao walikuwa wamekimbilia kutazama. Nikakimbia. Chini ilikuwa imeshika, imekuwa nyeusi kama lami, nikahamisha ya juu kwenye sufuria nyingine nikaokoa karibu yote. Nilipomaliza, kule mbele walikuwa wanasema spika zimeungua mashine, hata harufu inasikika. Naambiwa mashahidi wawili wameandika hapa kwamba walinusa spika zinaungua. Hawakudanganya, pua zao zilinusa. Walinusa mchele.

Nuriat aliomba ziachwe zipoe kivulini halafu ajaribu tena. Mushumbusi akakataa, akasema hakuna kugusa, ni ushahidi. Alikuwa na hasira na ninamwelewa. Wiki mbili kabla, Nuriat alimwambia kwamba mwisho wa mwezi ataacha kazi aende kwa mtu mwingine Bukoba mjini, na waliachana vibaya siku hiyo. Kwa hiyo alipoona spika zimenyamaza na binti anafuta nobu, akajumlisha mwenyewe. Alisema mbele ya watu kwamba huyu ameniunguzia vyombo kwa makusudi kabla ya kuondoka, na sasa anafuta alama. Alipiga simu. Askari wawili walifika saa 11:40 jioni. Spika zikapakiwa, Nuriat naye akapanda gari. Hakulia. Alinipungia mkono kwa chini kuniambia nitulie, kama anavyofanyiwa mtoto. Sendofu ilimalizika kwa ngoma za mikono na makofi. Watu walikula. Mimi sikula.

Nilifika kituoni hapa saa 1:30 usiku kwa bodaboda. Niliambiwa nirudi asubuhi. Nilimpa askari wa zamu chakula cha Nuriat na kanga ya kujifunika, akampelekea, namshukuru. Nililala kwa shemeji yangu Clotilda hapahapa Muleba. Nilimweleza kila kitu. Clotilda alinishauri ninyamaze. Alisema Nuriat ni kijana, watamwachia tu, lakini wewe una presha, ukiwekwa ndani utatuletea msiba. Alisema kwa kunipenda. Nilijaribu kuufuata ushauri wake mpaka adhana ya Alfajiri. Niliposwali nikaona siwezi. Nilijiuliza, hivi nitakaa kwenye mkeka huu namwombea dua mtoto atoke mahali ambapo mimi ndiye niliyemweka?

Leo tarehe 15/06/2025, saa 1:10 asubuhi, nilifika kaunta nikamkuta Afande Esther. Nilimwambia, “Mliyemkamata siye. Ni mimi niliyezungusha.” Afande hakuniamini. Alisema kila mama anayekuja hapo anasema ni yeye, na kwamba mwezi uliopita mama mmoja alikiri kuiba pikipiki na hajui hata kuendesha baiskeli. Nikacheka huku nalia. Akaniuliza nilizungusha nini. Nikamwambia nobu ya juu, siyo ya chini, kuelekea kulia, mpaka ikagoma. Akaniuliza kingine nilichokiona nyuma ya spika. Nikamwambia taa ndogo ya kijani, waya mnene wa umeme, na waya wa miksa unaochomekwa kwenye tundu la mviringo. Akaniuliza kwa nini Nuriat alifuta. Nikamwambia nadhani nilikuwa na manjano mikononi. Nikamwonyesha kucha zangu. Manjano hayatoki kwa siku moja.

Aliinuka akaenda mahali zilipowekwa spika, na mimi akaniacha nimekaa kwenye benchi. Aliporudi aliniambia ninyooshe mikono. Alichukua simu yake akapiga picha vidole vyangu. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba spika ya kwanza ilikuwa safi, lakini ya pili, kwenye ukingo wa chini wa nobu ya juu, kulikuwa na rangi ya njano na mafuta. Nuriat alifuta kwa haraka.

Saa 4:00 asubuhi aliitwa fundi wa vyombo vya umeme hapa Muleba, Bwana Protase, na Mushumbusi akaitwa, na Philbert. Nuriat akatolewa, akasimama karibu na ukuta. Spika ziliwekwa barazani. Protase alizitazama, akanusa nyuma yake, akasema hasikii harufu ya kuungua hata kidogo. Hapo nikasema habari ya pilau, watu wote wakanigeukia. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

Protase akachomeka ya kwanza. Niliziba macho. Naomba nisamehewe, shahidi anatakiwa aone, lakini hapo sikuona, nilisikia. Nilisikia tiki, halafu sauti ya mtu anasoma taarifa ya habari kutoka kwenye simu ya Protase, sauti safi kabisa, anaeleza habari za mvua. Nikafumbua macho. Taa ilikuwa kijani. Akachomeka ya pili, nayo ikaongea. Sijawahi kupenda habari za mvua namna hiyo.

Protase alieleza kwa kirefu na mimi nitasema nilichoelewa. Spika za aina hiyo zina kinga ndani. Zikipata joto kupita kiasi, na zikisukumwa kupita kiasi, zinajizima zenyewe mpaka zipoe. Zilikuwa juani tangu mchana, mimi nikazifungua mpaka mwisho, Philbert akasukuma kutoka kwenye miksa, zikachoka zikajizima. Laiti zingeachwa nusu saa kivulini, zingewaka palepale Nshamba. Ndivyo Nuriat alivyoomba. Protase alimuuliza Nuriat zile nobu alikuwa ameziweka wapi. Nuriat akamwonyesha kwa kidole. Protase akasema hata yeye angeziweka hapohapo.

Bwana Mushumbusi alisogea. Alizipapasa spika zake kama mtu anayemkagua ng'ombe aliyepotea akarudi. Kisha akaniambia, “Mama, ungeniua.” Nikamwambia na mimi nilikuwa njiani kufa, tungekutana huko. Akacheka kidogo, nami nikapata nguvu nikamwomba msamaha mbele ya wote, kwa mikono miwili. Alikubali. Alisema anaondoa malalamiko. Alimgeukia Nuriat pia, akasema jana maneno yalimtoka vibaya. Habari za kuacha kazi au kubaki watazungumza wenyewe, mimi sitatia mkono wangu tena.

Nilipopewa nafasi nilimuuliza Nuriat kwa nini alisema vumbi. Alinijibu, “Mama, mikono yako naijua. Ningesema nini mbele ya watu wale?” Nikamwambia angesema kweli. Akasema presha yangu anaijua, na aliona afadhali alale yeye kituoni usiku mmoja kuliko mimi. Halafu akanieleza kosa langu, bila kunisuta, kama anavyowaelekeza wateja. Alisema spika inaongea mbele. Anayesimama nyuma yake atasikia sauti ndogo hata kama mbele watu wanasikia vizuri. Alisema Mzee Ndalahwa alisikika mpaka kiti cha mwisho, ndiyo maana alikwenda na kurudi mara nne. Na kwamba alikuwa ameacha nafasi kwenye miksa makusudi, ili wakwe wakiingia apandishe muziki taratibu mwenyewe. Mimi na Gaudensia na wenzetu ndio pekee tuliokuwa hatusikii katika shughuli nzima, kwa sababu tulikuwa jikoni.

Philbert naye aliomba radhi. Alisema alipoona taa nyekundu alidhani ni mapambo.

Sina ugomvi na mtu yeyote katika jambo hili. Sikulazimishwa wala kuahidiwa chochote. Niliyoyafanya kwa mikono yangu na niliyoyaona ni hayo, na hakuna jingine nililolificha.

Afande Esther amenisomea maelezo haya tangu mwanzo, polepole. Mahali pamoja nimemsimamisha. Alikuwa ameandika kwamba Nuriat Riyadhi amesamehewa na mlalamikaji. Nimemwambia hapo hapana. Akasema ni vilevile tu, mama, binti anakwenda nyumbani. Nimemwambia si vilevile. Kesho kutwa mtu atataka fundi wa muziki, atauliza habari zake, atasikia yule binti aliyewahi kusamehewa polisi. Aliyesamehewa ni Shamsia Muhidini, mpishi. Nuriat aliweka sauti sawasawa na hakukosa kitu. Nimemwomba akate andiko hilo na aandike hivyo, na amekata mbele yangu, nimeona kwa macho yangu.

Sahihi ya shahidi: Shamsia Muhidini

Maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Esther, katika kituo cha polisi Muleba. Nimemsomea shahidi, amekiri kuwa ni sahihi baada ya sahihisho moja, nami nimeweka saini pembeni ya sahihisho hilo. Mlalamikaji Mushumbusi ameondoa malalamiko na amekabidhiwa spika mbili zikiwa zinafanya kazi. Nuriat Riyadhi ameruhusiwa saa 7:45 mchana. Kwa maombi ya shahidi, nimemwandikia nakala ya mstari uliosahihishwa kwenye karatasi yenye muhuri wa kituo. Ameniomba niiandike kwa herufi kubwa ili aweze kuisoma mwenyewe. Ameisoma kwa sauti, mara mbili, mbele ya binti yake.